Uliza Ujibiwe: Hii jezi ya kijani yenye mkia wa nyangumi, timu yake iko wapi?

Sijui imekuwaje lakini toleo hili maswali mengi yamekuja ya timu moja, tena ya mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye muvi tu, hoki ya barafu. Basi tumewapa safu nzima. Wa mirathi na wale wa kesi za viwanja mtuvumilie.

Shikamoo mzee wa safu. Mimi nauza mitumba Tandika. Kwenye belo la juzi nimekuta jezi ya kijani, nzito, mikono mirefu, kifuani ina W na juu yake kama mkia wa samaki, afu ndani ya kola lebo imeandikwa CCM. Nimeivaa kijiweni mmoja akaniambia hongera kwa kujiunga na chama, mwingine anasema ni Yanga ya kwenye baridi. Nimeangalia msimamo wa ligi ya hoki ya Marekani hiyo timu siioni kabisa. Ni timu gani na ilienda wapi? (Msomaji, Tandika, Dar es Salaam)

Marahaba kijana, tulia, hujajiunga na chama chochote. CCM ya kwenye kola ni kampuni ya Canada, ilianza 1899 na baiskeli, baadae ikajulikana zaidi kwa viatu vya kutelezea, fimbo za hoki na jezi. Na hiyo jezi ni ya Hartford Whalers, timu ambayo mechi yake ya mwisho ilikuwa tarehe 13 Aprili 1997, ndo maana kwenye msimamo huioni.

Hartford ni makao makuu ya jimbo la Connecticut, uko katikati ya Boston na New York, mji wa makampuni ya bima, sio mkubwa. Lakini timu haikuzaliwa hapo, ilizaliwa Boston. Mwaka 1972 kuna matajiri walianzisha ligi ya kushindana na ile kubwa ya NHL, wakaiita WHA, wakaanza kuwachota mastaa kwa hela ndefu. Moja ya timu zao ikaitwa New England Whalers, yaani wavua nyangumi wa New England, ule ukanda wa kaskazini mashariki mwa Marekani wenye Boston na Hartford, kwa sababu pwani ile zamani iliishi kwa kuvua nyangumi, na ukiangalia herufi tatu za mwanzo za jina utaiona ligi yenyewe imejificha humo. Msimu wa kwanza tu, 1973, wakabeba ubingwa kwa kuifunga Winnipeg Jets mechi nne kwa moja. Bingwa kabisa, lakini pale Boston wenye mji ni Bruins, timu ya NHL, viwanja wanapanga wao, Whalers wanapewa makombo. Wakaona isiwe tabu, 1974 wakahama, na tarehe 11 Januari 1975 wakacheza mechi ya kwanza Hartford kwenye uwanja mpya wa Civic Center, uwanja uliojengwa pamoja na mol, unanunua soksi afu unaingia kwenye mechi.

WHA ikafa 1979. Timu nne tu zikapokelewa NHL: Edmonton Oilers, Quebec Nordiques, Winnipeg Jets na hawa wetu, ila Bruins wakagoma jirani asiitwe New England, mbona hiyo New England na wao ni yao, basi ikawa Hartford Whalers. Hapo ndo ikachorwa hiyo nembo uliyonayo, aliyechora anaitwa Peter Good. Hebu iweke mezani uiangalie tena. Chini W ya kijani, juu mkia wa bluu, sasa angalia ule uwazi mweupe uliobaki katikati. Ni H. Kuna watu wameshangilia timu hiyo miaka na miaka hawajaiona.

Uwanjani kwenyewe, tusidanganyane, hawakuwa wakali. Misimu 18 NHL, wameingia mtoano mara nane, wakashinda raundi moja tu, 1986, walipoipiga Quebec mechi tatu bila. Raundi iliyofuata wakakutana na Montreal, wakaenda nao mpaka mechi ya saba, mpaka muda wa nyongeza, dogo mmoja mgeni kwenye ligi anaitwa Claude Lemieux akawafunga. Montreal wakaenda kubeba kombe. Na Hartford, timu iliyotolewa raundi ya pili, ikafanyiwa paredi mjini! Watu wa Boston waliwacheka sana kwa hilo, ila mimi nawaelewa, ukikaa na njaa muda mrefu hata uji unaupigia makofi. Msimu uliofuata wakaongoza kundi lao, kundi lenye Montreal na Boston humo humo, na hapo ndo ulikuwa mwisho wa utamu.

Kilichoumiza zaidi ni Machi 1991. Staa wao wa miaka yote, Ron Francis, waliyemchukua kijana 1981, akapelekwa Pittsburgh yeye na beki Ulf Samuelsson na mwingine mmoja, wao wakaletewa wachezaji watatu ambao leo hata shabiki wa kweli itabidi akune kichwa kuwataja. Pittsburgh wakabeba kombe mwaka huo huo, na 1992 wakabeba tena. Baada ya 1992 Whalers hawakuiona tena mtoano mpaka wanaondoka.

Mechi ya mwisho waliifunga Tampa Bay 2-1, goli la mwisho la historia yao likafungwa na nahodha Kevin Dineen, halafu timu ikahamia jimbo la North Carolina ikawa Carolina Hurricanes. Kwa hiyo ukitaka kuwatafuta kwenye msimamo, tafuta Carolina, ubingwa wa NHL wameuchukua 2006 lakini wakiwa na jina hilo jipya na rangi nyekundu.

Kuhusu jezi yako: kijani kama rangi kuu ni muundo wa kabla ya 1992, baada ya hapo waliingiza bluu iliyokoza na kijivu. Kama lebo ingekuwa Reebok au Adidas ningekwambia imeshonwa miaka mingi baada ya timu kuondoka. Hiyo ya kwako inaweza kuwa ya zamani kweli au toleo la kumbukumbu, angalia mishono na namba mgongoni kama zimeshonewa au zimebandikwa. Vyovyote iwavyo usiitoe kwa bei ya fulana, hizo kitu zina watu wake mpaka leo.

Habari za kazi. Nasomea uhandisi wa ujenzi Dodoma. Mwalimu alitutajia paa la uwanja wa Hartford lililoanguka akasema tukasome wenyewe. Ni uwanja wa hao Whalers? Watu walikufa? (Mwanafunzi, Dodoma)

Ndio wenyewe, na hakufa mtu hata mmoja, jambo ambalo ukisoma saa na tarehe unaweza kusema ni Mungu tu. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 1978 kulikuwa na mechi ya basketi ya vyuo, watu karibu 5,000 ndani. Wakatoka, wakaenda kulala, theluji inashuka. Alfajiri kama saa kumi na robo paa zima likashuka kwenye viti vitupu.

Wewe wa ujenzi utapenda sehemu hii. Paa lilikuwa la fremu ya vyuma vilivyounganishwa kama utando, ukubwa kama mita 91 kwa 110, linakaa juu ya nguzo nne tu, na lilipigiwa hesabu kwa kompyuta, kitu cha kisasa sana kwa miaka ile, watu wakaiamini mashine. Liliungwa lote chini halafu ndo likanyanyuliwa. Sasa likiwa bado chini wakapima jinsi linavyopinda, wakakuta linapinda kama mara mbili ya vile hesabu zilivyosema. Wakaambiwa wenye hesabu, wakajibu tofauti kidogo kati ya hesabu na ukweli ni kawaida. Mara mbili ndo kidogo! Uchunguzi ulikuja kuona kwamba vyuma vya juu vilivyokuwa vinabanwa na uzito havikushikiliwa vizuri katikati kuvizuia kujikunja, kwa hiyo lile paa lilianza kufa siku lilipopandishwa, theluji ya usiku ule ilimalizia tu.

Timu ikahamishia mechi zake Springfield, Massachusetts, kama kilomita 40 kaskazini, na ikakaa huko mpaka Februari 1980. Yaani hata NHL waliingia wakiwa hawana nyumba. Mashabiki waliokuwa wanapanda magari kuwafuata kila mechi wakajiita I-91 Club, hiyo I-91 ni barabara kuu inayounganisha miji hiyo miwili.

Mwandishi tusaidie kumaliza ubishi. Mwanangu ana miaka 14 anasema eti kuna mzee alicheza ligi kuu ya hoki ana miaka 51, tena timu moja na watoto wake. Nimemwambia aache kuamini kila kitu cha simu. (Mama wa watoto watatu, Arusha)

Pole mama, safari hii mtoto kakushinda. Mzee anaitwa Gordie Howe, amezaliwa Machi 1928, alikuwa mfalme wa Detroit miaka 25 mpaka akastaafu 1971, mkono unamsumbua. 1973 timu ya Houston ya ile ligi ya WHA ikamfuata ikamwambia njoo ucheze na wanao wawili, Mark na Marty, nani atakataa. 1977 wote watatu wakahamia Whalers. Timu ilipoingia NHL msimu wa 1979-80 mzee akaingia nayo, na sio kukaa benchi apigwe picha, alicheza mechi zote 80 za msimu akafunga magoli 15. Tarehe 31 Machi 1980, msimu haujaisha, akatimiza 52.

Na hoki ujue sio bao, watu wanagongana kwa mabega kwenye kuta za mbao wakiwa na mwendo wa pikipiki. Msimu huo huo walikuwepo pia Dave Keon aliyekuwa anaitafuta 40 na Bobby Hull mwenye 41 aliyekuja kumalizia mechi chache, kwa hiyo chumba cha kubadilishia nguo cha Hartford nadhani kilikuwa kinanuka dawa ya kuchua.

Niaje mhariri. Mimi ni fan wa Ice Lions, timu ya hoki ya barafu hapa Nairobi, huwa nawacheki wakifanya mazoezi pale Panari Mombasa Road. Nimesoma kuhusu Whalers nikashangaa, mashabiki wako, timu iko, mbona ilibebwa ikapelekwa mji mwingine? Si wangekataa tu? Gor na AFC hakuna mtu anaweza kuamka asubuhi azihamishe. (Msomaji, South B, Nairobi)

Poa sana ndugu yangu. Hapo ndipo mambo ya michezo ya Marekani yanapotuchanganya sisi. Gor ina wanachama, Simba na Yanga hata na hizi habari za wawekezaji bado wanachama wanabaki na asilimia 51. Kule timu ni mali ya mtu. NHL ni kama umoja wa matajiri, wao wenyewe wanapiga kura nani aingie na nani ahame, hakuna kushuka daraja wala kupanda daraja, kwa hiyo mji ukitaka timu njia ni mbili tu, usubiri ligi iongeze timu mpya au ushawishi tajiri mmoja abebe ya mwenzako.

Whalers walipita mikono mingi. Mwanzilishi Howard Baldwin na makampuni ya bima yaliyotia hela, halafu 1988 wakauziwa Richard Gordon na Donald Conrad kwa dola milioni 31, halafu 1994 akaja Peter Karmanos, tajiri wa programu za kompyuta kutoka Michigan, akanunua kwa milioni 47.5. Akaahidi ataiacha Hartford miaka minne. Sasa angalia alichokikuta. Uchumi wa Connecticut miaka ile umepigwa, viwanda vya silaha vimepunguza watu baada ya vita baridi, makampuni ya bima nayo yanapunguza. Uwanja sio wake, ni wa mji, viti elfu kumi na tano na kidogo, vile vyumba vya matajiri vinavyokodishwa kwa mwaka ni vichache, na hivyo ndo vilikuwa vinaingiza hela kwenye viwanja vipya vya wenzake. Mishahara ya wachezaji inapanda kila mwaka. Na timu inafungwa, na nilishasema Francis wamempeleka wapi.

1996 akasema nataka tiketi za msimu mzima 11,000, la sivyo naondoka. Watu wakahangaika kweli, kampeni mtaa kwa mtaa, wakafika zaidi ya 8,000, kwa mji ule na kwa timu ile mimi naona walifanya makubwa. Akakubali kubaki msimu mmoja zaidi. Wakati huo akawa anaongea na gavana John Rowland kuhusu uwanja mpya, na mwenye timu anataka pia alipwe hasara atakayopata wakati uwanja unajengwa, serikali ikasema hiyo hapana. Tarehe 26 Machi 1997 wakatangaza pamoja kwamba timu inaondoka, na Karmanos akalipa dola milioni 20.5 ili avunje mkataba mapema.

Kinachonishangaza mimi, siku hiyo anatangaza anaondoka alikuwa hata hajasema anaenda wapi. Raleigh, North Carolina ilitangazwa Mei. Na uwanja wa Raleigh ulikuwa haujaisha, kwa hiyo misimu miwili ya kwanza hao Hurricanes wakachezea Greensboro, mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka mji ambao eti ndo wa kwao, viti vitupu kibao. Sasa unajiuliza, kama ni hasara ya kusubiri uwanja, si angesubiria Hartford?

Kwa hiyo kwamba wangekataa, wangekatalia wapi? Hakuna mkutano mkuu, hakuna kadi ya mwanachama. Ningesema watu wa Hartford wanaweza kueleweka zaidi na watu wa Mbarali kuliko watu wa Msimbazi, maana Ihefu nayo iliondoka Mbeya kama utani ikaenda Singida, leo inaitwa Singida Black Stars, na shabiki aliyekuwa anaenda uwanjani Mbarali hakuna aliyemuuliza kitu.

Kuna wanaomlaumu gavana kwamba ndo aliiachia. Sijui kama ni haki, ila ni huyo huyo ambaye mwaka uliofuata alikubaliana na mwenye New England Patriots, ile timu ya futiboli ya Marekani, awajengee uwanja wa hela nyingi zaidi hapo hapo Hartford. Mwaka 1999 mwenye Patriots akabadili mawazo akabaki Massachusetts. Mji ukakosa vyote viwili.

Ice Lions wasalimie. Nakumbuka 2018 walivyopelekwa Canada wakacheza na Sidney Crosby, staa mkubwa wa NHL, upande wao, hiyo ni kama wewe unacheza ndondo afu unamuona Messi anavaa jezi ya timu yenu.

Naishi Minneapolis naendesha teksi. Abiria wazee wakianza habari za hoki wananiambia na wao waliibiwa timu, wanamtukana mtu anaitwa Norm. Ni kesi moja na hii ya Hartford? (Mkenya, Minnesota)

Ni mwizi mwingine ila msimu mmoja wa wizi. Huyo ni Norm Green, 1993 aliwapeleka Minnesota North Stars Texas, wakawa Dallas Stars, wakabeba kombe 1999. Miaka ile timu zilikuwa zinahama kama watu wanakimbia kodi: 1995 Quebec Nordiques wakaenda Denver na msimu wa kwanza tu huko wakabeba ubingwa, fikiria mtu wa Quebec anaangalia hilo kwenye tivii. 1996 Winnipeg Jets wakaenda Phoenix. Hao wa Canada shida yao kubwa ilikuwa dola, mchezaji analipwa kwa dola ya Marekani na tiketi unauza kwa dola ya Canada iliyoshuka, hiyo hesabu mtu yeyote anayeagiza mzigo Dubai anaijua. Kati ya zile nne zilizotoka WHA, mwaka 1997 ulivyoisha iliyobaki kwao ni Edmonton peke yake.

Nyie wa Minnesota mlipewa Wild mwaka 2000, Winnipeg wakapata timu tena 2011 baada ya Atlanta kuhamishwa. Quebec na Hartford mpaka leo hola.

Kwa hiyo mashabiki wa Whalers saivi wanashangilia nani? (Msomaji, Tanga)

Wamegawanyika. Wapo walioenda Bruins, wengine Rangers. Pale pale Civic Center, ambayo jina limeshabadilishwa, tangu 1997 inacheza Hartford Wolf Pack, timu ya daraja la chini inayolea vijana wa New York Rangers. 2010 yule mwanzilishi Baldwin alirudi akaipa jina la Connecticut Whale akidhani damu za zamani zitaamka, 2013 ikarudi Wolf Pack. Wanaofuata Carolina ni wachache, wengine hawataki hata kuisikia. Klabu ya mashabiki wa Whalers yenyewe haikuvunjwa.

Kilichozua ubishi ni kwamba nembo na rangi ziko mikononi mwa Carolina na wanaziuza vizuri tu. Tarehe 23 Desemba 2018 Hurricanes waliingia uwanjani kwao Raleigh wamevaa kijani ya Whalers, na ule wimbo wa tarumbeta, Brass Bonanza, uliokuwa unapigwa Hartford kila goli likiingia, nao ukapigwa. Huko Hartford kuna waliotoa machozi ya furaha na kuna waliosema mmetuibia timu sasa mnavaa na nguo zetu. Mpinzani siku hiyo alikuwa Boston Bruins, wale wale waliokataa jina la New England, akala tano kwa tatu.